Ukiniuliza ulemavu wangu, niambie jibu utalifanyia nini

Vyuo vikikaribia kufunga, vijana huanza kunitafuta. Hawapigi, maana wanajua simu kwangu ni kazi, wanatuma ujumbe. Wengine wanamalizia ualimu Bunda, wengine maendeleo ya jamii pale Buhare, Musoma, wengine walisoma mbali na sasa wamerudi nyumbani Butiama kusubiri ajira. Yuko mwenye mguu wa bandia, yuko mwenye kifafa, yuko anayesoma kwa kusogeza karatasi hadi puani. Swali lao ni lilelile: "Dada, kwenye barua ya kazi niseme kwamba nina ulemavu, au ninyamaze?"

Wananiuliza mimi kwa sababu yamenikuta. Niliugua homa ya uti wa mgongo nikiwa shule ya msingi, Bunda. Nikapona, lakini sikio la kushoto likafa kabisa na la kulia likabaki linasikia nusunusu. Leo ni ofisa mikopo wa chama cha akiba na mikopo mjini Musoma. Ukinikuta nimekaa kwenye daladala ya kwenda Bweri hutajua chochote. Utajua ukiniongelesha kwa nyuma.

Jibu ninalowapa vijana hawa ni refu kuliko wanavyotaka, na sehemu kubwa yake haiwahusu wao. Inawahusu wanaoajiri, ndiyo maana naliandika gazetini. Mwajiri asimuulize mwombaji ulemavu wake bila kumwambia, papo hapo, jibu hilo atalifanyia nini. Anayeuliza ndiye anayedaiwa maelezo kwanza.

Mtazame mwanafunzi mwenye ulemavu anapoomba mkopo wa elimu ya juu. Anajaza fomu, anakwenda kwa mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa kuthibitishiwa, anaambatanisha, anatuma. Hasiti, kwa kuwa Bodi ya Mikopo imeshamwambia kwamba ulemavu unahesabika katika vigezo vya kipaumbele. Anajua karatasi inakwenda wapi na inaweza kumletea nini. Miaka mitatu baadaye kijana huyohuyo, mwenye ulemavu uleule, amekaa steshenari Nyasho anamwomba mchapaji afute mstari mmoja kwenye CV yake. Hajaanza kujionea haya katika hiyo miaka mitatu. Bodi ilimweleza kwa nini inauliza. Huyu anayemwandikia sasa hajamweleza lolote.

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yana sharti ambalo vijana wetu wamelikariri: waombaji wenye ulemavu wanahamasishwa kuomba, na wanatakiwa kuainisha ulemavu wao kwenye mfumo wa maombi. Ni sharti zuri, na kila anayeniuliza namwambia alifuate, kwa kuwa linatoka kwenye chombo cha umma na linaanza kwa mwaliko. Ningependa liongezewe mstari mmoja wa kumwambia mwombaji kwamba akishaainisha ataandaliwa nini siku ya usaili: mkalimani wa lugha ya alama, karatasi ya maandishi makubwa, muda wa ziada, chumba kisicho na ngazi. Matangazo mengine mengi ninayoyaona yamebandikwa mjini, ya maduka, shule binafsi na kampuni ndogondogo, hayana hata huo mwaliko. Yanataka mtu "mwenye afya njema" na "aliye tayari kufanya kazi katika mazingira magumu". Mwenye mguu wa bandia akisoma hapo anajiona amekataliwa kabla hajanunua bahasha.

Sheria haikubaliani na hali hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na kwa ajili ya kifungu hicho mwombaji kazi naye anahesabiwa kuwa mfanyakazi. Wengi hawalijui hili la pili. Wanadhani ulinzi unaanza siku ya kusaini mkataba. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakwenda mbali zaidi: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuwa na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2009, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 27 inadai marekebisho yanayofaa mahali pa kazi.

Asilimia 3 si mzigo. Mwajiri mwenye wafanyakazi 33 anatakiwa kuwa na mtu mmoja. Mwenye 100 anatakiwa kuwa na watatu. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Waondoe watoto, waondoe wazee, bado unabaki na watu wengi wenye nguvu na vyeti.

Ila mwajiri hawezi kuwahesabu watu waliojificha. Ofisi moja inaweza kuwa na mhasibu mwenye kifafa, mlinzi aliyepoteza jicho na mtu kama mimi dirishani, kisha ikaandika sifuri kwenye taarifa yake. Sifuri hiyo inatumika mwaka unaofuata kama ushahidi kwamba "hawajitokezi". Hawajitokezi kwa sababu hawajui wakijitokeza watapokelewa na nani.

Gharama ya kujificha naijua. Niliwahi kuitwa kwenye usaili na taasisi moja. Kwenye barua sikuwa nimesema lolote, kwa ushauri wa ndugu walionipenda: usiseme, ukishaingia utasema. Chumba kilikuwa kidogo. Wasaili watatu walikaa wameyapa madirisha mgongo, nyuso zao zikawa kivuli kitupu. Feni ya darini ilikuwa inagonga. Mzee wa katikati alikuwa na mazoea ya kuinua karatasi hadi mdomoni kila anapouliza, na mimi nusu ya maneno nayasikia kwa macho. Akauliza kitu, nikadaka neno moja, "kikundi", nikaeleza kwa utaratibu kabisa jinsi kikundi cha kina mama kinavyosimamia marejesho ya mkopo. Wakatazamana. Dada aliyekaa pembeni akaandika swali kwenye kipande cha karatasi, akanisogezea: kwa nini uliacha kujitolea kwenye kikundi ulichokitaja kwenye CV? Nilipoinua kichwa nijibu, mzee alikuwa ameshafunga faili.

Kwao nilikuwa msichana asiyeelewa anachoulizwa. Ukinyamaza, watu wanatafuta maelezo yao wenyewe, na maelezo yaliyo karibu ni uzito wa akili, dharau au uvivu. Mwenye uoni hafifu asiyemsalimia bosi kwenye korido ana kiburi. Mwenye mguu wa bandia anayechelewa kupanda ngazi ni mzembe. Kila mmoja wetu anajua majina aliyopewa.

Kusema nako kuna bei yake. Nimewahi kuandika barua ambazo sentensi ya kwanza ilikuwa masikio yangu, na hazikujibiwa. Siwezi kuthibitisha kwamba masikio ndiyo yaliyozizuia. Hakuna mwombaji anayeweza, na hapo ndipo sheria inapokosa pa kushika: barua isiyojibiwa haiachi ushahidi wa kupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wazazi wetu wanasema mficha uchi hazai, na kwa mambo ya hospitali wako sahihi. Lakini mkunga unayemvulia nguo unajua amekuja kukufanyia nini.

Kazi niliyonayo niliipata kwa njia tofauti. Baada ya mchujo, meneja aliwatumia ujumbe wote walioitwa: siku, saa, mahali, njoo na vyeti halisi. Mwishoni akaongeza, "Kama kuna chochote tukuandalie ili usaili wako uende vizuri, tujulishe kabla ya Alhamisi." Nikamjibu kwamba nasikia kwa shida, ningeomba anayeuliza anitazame, wazungumze mmoja baada ya mwingine, na feni izimwe. Nilipofika, feni ilikuwa imezimwa na meza imegeuzwa, mwanga unawaangukia wao usoni. Mama mmoja katika jopo alianza kwa kuniambia, "Mwanangu, ukikosa neno nisimamishe." Nilimsimamisha mara kadhaa. Akarudia bila kuguna, tukaendelea mpaka mwisho. Maandalizi yote hayo hayakuwagharimu hata shilingi, labda jasho.

Swali lile halikuja kwangu peke yangu, lilikwenda kwa wote. Dada mwingine alilitumia kuomba nafasi ya kumnyonyesha mtoto kabla hajaingia. Hakuna aliyetaka kujua nina ulemavu gani, niliupata lini, au kama utazidi. Walitaka kujua ninahitaji nini, na waliuliza mapema ili wapate kuandaa. Nami nikasema ukweli wote kwa hiari yangu, kwa kuwa nilishaona utakwenda kufanya kazi gani.

Wenzetu mahali pengine wamelitia jambo hili kwenye sheria. Uingereza, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamzuia mwajiri kuuliza afya au ulemavu wa mwombaji kabla ya kumpa nafasi, isipokuwa kwa sababu chache, mojawapo ikiwa kujua anahitaji maandalizi gani kwenye usaili. Marekani walikataza maswali ya namna hiyo kabla ya ajira kutolewa tangu sheria yao ya mwaka 1990. Na hatuhitaji kupanda ndege. Vuka Sirari uingie Isebania. Kenya, mtu aliyesajiliwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu anaweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato hadi Sh150,000 za kwao kwa mwezi, na Katiba yao ya mwaka 2010, Ibara ya 54, inataka hatua kwa hatua asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika vyombo vya umma ziende kwa watu wenye ulemavu. Sisemi kule mambo yamenyooka. Nasema jirani yangu wa Isebania akijiandikisha anaweza kukutajia kwa shilingi anachotarajia kupata.

Mpaka waajiri wetu wafike hapo, vijana wanaendelea kuandika barua, na siwezi kuwaambia wasubiri. Hili ndilo ninalowaambia.

Mwenye mguu wa bandia ni kijana wa Butiama aliyesomea kilimo na anatafuta kazi ya ugani. Anaendesha pikipiki hadi Kiabakari na kurudi, barabara ya vumbi na ya tope, na watu wa kijijini wameshasahau ni mguu upi. Aliniuliza, "Dada, wakiuona mguu itakuwaje?" Nikamwambia waione leseni kwanza. Tulikaa tukaandika aya moja, katikati ya barua, baada ya elimu yake na kabla ya wadhamini: "Natumia mguu wa bandia. Nina leseni ya pikipiki na wakati wa mafunzo kwa vitendo nilitembelea mashamba ya wakulima vijijini kila siku ya kazi. Ninachohitaji ni kupewa ruhusa ya siku chache mguu unapohitaji matengenezo." Aya hiyo inamjibu msaili maswali ambayo angeogopa kuyauliza, na inamwambia la kufanya. Haiombi huruma. Nilimkatalia neno "licha ya". Alitaka kuandika "licha ya ulemavu wangu"; nikamwambia mguu huo ndio unaompeleka shambani, autaje hivyo.

Mwenye kifafa namwambia mambo mengine. Kwenye barua hana sababu ya kukitaja, kama kazi anayoomba haihusu kuendesha gari, kupanda juu au kusimama kwenye mashine inayozunguka. Ikihusu, lazima aseme, kwa usalama wake na wa wenzake, na mimi ningemshauri atafute kazi nyingine. Akishaanza kazi ya ofisini, watu wawili wajue: anayekaa naye na anayemsimamia. Wajue kwamba akianguka wamlaze ubavu, wasimtie kijiko mdomoni, wahesabu dakika. Hapo kusema ni kinga yake, na wa kuambiwa ni hao wawili. Hakuna haja ya jengo zima.

Mwenye ualbino hana cha kuficha, na katika kanda hii ya Ziwa hatuhitaji kukumbushana kwa nini baadhi yao bado wanaogopa hata kutaja kijiji wanachoishi. Kwake neno "kuainisha" halina maana sana. Ameshaonekana kwenye picha ya pasipoti. Wa kwake ni mjadala wa kofia pana, mikono mirefu, saa za kutoka kwenda vijijini, na maandishi ya kompyuta yaliyokuzwa. Dk Abdallah Possi, mwanasheria mwenye ualbino, aliteuliwa naibu waziri mwaka 2015, kisha akawa balozi wetu Ujerumani. Sidhani kuna aliyemuuliza kama kazi za ofisini ataziweza. Na yule anayetumia dawa za maradhi ya akili akaamka kila siku akafanya kazi yake vizuri, hana deni la maelezo kwa mtu yeyote mpaka siku atakapohitaji kitu.

Vyuo vina nafasi ambayo haitumiki. Kila mwanafunzi kabla ya kuhitimu hupelekwa fildi, na chuo huandika barua ya kumtambulisha. Barua hiyo ina jina, kozi, tarehe. Kwa ridhaa ya mwanafunzi, na narudia, kwa ridhaa yake, ingeweza kuwa na mistari miwili ya mahitaji: huyu anasoma midomo, huyu anatumia kisoma skrini, huyu apangiwe kituo kisicho na ngazi. Fildi ndipo pa kujizoeza kusema, kwa kuwa ukikosea hujapoteza kazi, na mwalimu wako atakuja kukukagua. Nimekutana na wahitimu ambao mara ya kwanza kutaja ulemavu wao kwa mgeni ilikuwa mbele ya jopo la usaili. Hakuna aliyewafundisha kuusema kwa sauti ya kawaida.

Nalielekeza hili hasa kwa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere kule Butiama. Ni chuo kichanga, hakina mazoea ya zamani ya kuvunja. Fomu zake za fildi zinaweza kuandikwa vizuri tangu mwanzo, na atakayeziandika asidhani anafanya jambo geni mkoani Mara. Shule ya Msingi Mwisenge, aliyoanza Mwalimu Nyerere mwaka 1934, imekuwa ikiwasomesha watoto wasioona pamoja na wanaoona. Mtoto aliyesoma kwa nukta nundu mbele ya darasa zima, wenzake wakagombania kumshika mkono kwenda mapumziko, anafika umri wa kutafuta kazi anaambiwa afiche macho yake kwenye bahasha. Tumemrudisha nyuma.

Waajiri niliozungumza nao hapa mjini hutaja gharama. Baadhi ya gharama ni za kweli. Ofisi iliyo ghorofani bila lifti haitapata njia ya baiskeli ya magurudumu kwa kutakiana heri, na choo chenye mlango mwembamba kinahitaji fundi na saruji. Hapo nakubali mjadala wa fedha uwepo, na serikali iwe sehemu ya mjadala huo. Lakini usaili unaweza kushushwa chini siku hiyo moja. Feni inaweza kuzimwa. Mtihani unaweza kuchapwa kwa herufi kubwa kwa bei ya karatasi ya pili. Wengi hawajafikia hata hapo, na hapo hakuna fedha ya kulaumu.

Kwenye kila tangazo la kazi ningependa kuona sentensi hii, na yeyote anaweza kuichukua kama ilivyo: "Ukiitwa kwenye usaili, tueleze unahitaji tukuandalie nini, jibu lako litatumika kwa maandalizi tu na halitaingia kwenye alama zako." Sehemu ya mwisho ndiyo nzito. Anayepokea majibu ya mahitaji asiwe yule anayetoa alama. Hata ofisi ya watu wanane inaweza kumpa kazi hiyo karani wa mapokezi.

Ninalo ombi pia kwa ofisi za kazi. Asilimia 3 imekuwa kwenye sheria tangu mwaka 2010. Naomba tutangaziwe kila mwaka, gazetini au kwenye ubao wa halmashauri, waajiri wenye wafanyakazi 20 na zaidi katika Musoma, Bunda na Butiama ni akina nani, na kila mmoja amefikia wapi. Mwajiri aliyejaza nafasi zake ataipenda orodha hiyo, na ambaye hajajaza atakuwa na mwaka mzima wa kujirekebisha kabla haijatoka nyingine. Kijana wa Butiama naye ataichukua kalamu, aiweke orodha pembeni ya barua zake, na ajue ni kwa nani ataweza kuutaja mguu wake kwenye mstari wa kwanza kabisa.